Sanduku la Ramazani

Zaituni alikuja Rumonge mwezi uliopita bila kutoa habari, kama alivyozoea tangu zamani. Aliketi barazani kwangu, fimbo yake katikati ya magoti, akasema chuo kikuu hakikumwalika. Mimi nilikuwa nimealikwa. Barua pepe ya mwaliko iliingia kwenye simu yangu, binti wa jirani akanisomea: wanafunzi wa miaka ya kwanza, wale tuliobaki hai, tutakutana Bujumbura, tutapigwa picha, tutakula. Tuliobaki tunatosha meza moja, na Zaituni ni mmoja wetu. Hakupata kitu. Nilimwambia aulize, pengine ni makosa tu. Alinitazama kwa jicho lile lile ambalo zamani lilikuwa linawanyamazisha madereva wa kamyo. "Mutu haombi mwaliko, Mbona," akasema. Mbona ndilo jina alilonipa ujanani, kwa sababu kila alichoniambia nilimjibu mbona hivi, mbona vile. Siku hizi ni yeye peke yake duniani anayeniita hivyo.

Alikuja na mjukuu wake, Aisha, ambaye ni injinia wa kompyuta hapo hapo chuoni. Bibi yake alikuwa amemkataza kabisa kuuliza habari za mwaliko. Msichana alifungua mashine yake kwenye meza yangu ya chakula, simu mbili pembeni, akawa anakula ndagala, dagaa wa ziwa letu, mmoja mmoja bila kuwatazama, kama mtu anayekula karanga. Nilimwuliza anafanya nini siku ya mapumziko. Akanieleza kwa upole, kama unavyomweleza mtu wa umri wangu. Barua pepe zote za chuo zilikuwa zinakaa kwenye programu ya zamani, ambayo waliotengeneza hawaitengenezi tena, kwa hiyo yeye na wenzake wamezihamishia kwenye mpya: walimu, wanafunzi, watu wa biro, yaani wa ofisini, hata wazee waliosoma zamani. Majina yamesafishwa, yaliyojirudia yameunganishwa. Wamemaliza wiki hii, na kila mtu anawapongeza. "Babu, hakuna barua hata moja iliyorudi," akasema. "Hakuna hata kosa moja."

Mimi na Zaituni tukatazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega, mpaka Aisha akainua macho kutoka kwenye mashine. "Mueleze," Zaituni akaniambia. "Mueleze ule mwaka." Nikamweleza kuanzia Alasiri mpaka karibu na Magharibi. Nilichomwambia ni hiki, pamoja na machache ambayo siku ile niliyaruka kwa sababu mtoto alikuwa kazini.

Mwaka wa uhuru nilikuwa kijana wa chuo, mwembamba, mwenye mashati mawili na maoni mengi. Sikuwa naamini kitu nisichokihoji. Nilihoji mapadri, nilihoji mashehe, nilihoji vyama vyote na bendera zao, na walimu wangu kule Usumbura, mji ambao ulikuwa umeanza kuitwa Bujumbura kabla midomo yetu haijazoea, walikuwa wamenichoka. Nadhani ndiyo sababu walinileta huku kwa mwaka mzima, kwenye kituo cha chuo cha kuchunguza samaki na michikichi, nikafanye kazi ya mikono. Kituo kilikuwa nyumba nyeupe yenye paa la bati, karibu na mwalo ambapo mitumbwi hushusha samaki. Nilipewa chumba cha mwisho kwenye korido, kati ya choo na stoo ya samaki waliolowekwa dawa kwenye mitungi ya kioo. Mlangoni paliandikwa kurie, kwa maana ya barua za ofisi. Dirisha lake lilitazama majamvi ya kuanikia ndagala, na hewa iliyoingia ilikuwa ya samaki, ya mawese yanayochemka, na ya dawa ile, zikiwa zimechanganyika kiasi kwamba mpaka leo nikinusa moja nazikumbuka zote.

Kupitia chumba kile zilipita barua zote za chuo na watu wake wa pwani, kuanzia Muhuta, Minago, mpaka Kabonga karibu na mpaka wa Tanganyika: wanafunzi waliokuwa likizoni, walimu, watu waliotuletea samaki wa uchunguzi, vijana walioomba nafasi za masomo. Mbelgiji aliyekuwa anaziendesha alikuwa amefunga mizigo yake na kuondoka, akaniachia rafu ya mbao yenye vyumba vichache sana. Mwanzoni sikuelewa uchache ule. Kisha nikasoma vibandiko. Enzi yake barua haikuandikwa kwa mtu, iliandikwa kwa mkono wa mtu mkubwa kuliko yeye: kwa mkono wa padri fulani, kwa mkono wa mwenye duka, kwa mkono wa mwenye shamba la michikichi. Ukitaka kusikia chuo kinakuambia nini, kwanza ukamsalimie mwenye mkono, naye aamue ana nafasi leo au hana.

Waliokosa mkono waliitwa. Hili lilikuwa jambo la Rumonge wenyewe, wala Mbelgiji hakulianzisha. Ijumaa, watu wakishatoka msikitini na mitumbwi ikiwa imepumzika, barua zisizo na mwenyewe zilipelekwa mwaloni. Mama Sikudhani, mwenye mkahawa pale, alipanda juu ya kreti tupu. Yeye hakujua kusoma lakini alikuwa na sauti ya kuvuka maji. Chini yake alisimama Zaituni, msichana aliyemsaidia mkahawani na aliyekuwa amemaliza shule kwa masista. Zaituni alimsomea jina sikioni, Mama Sikudhani akaliita mara tatu. Mwenyewe akiwepo anajibu "Niko," kisha anasema yeye ni wa nani na anakaa wapi, na watu wakiridhika wanasema kwa pamoja "Ndiye." Bila Ndiye barua haitoki. Kama hayupo, anayemjua anaipokea mbele ya wote na kubeba aibu isipofika. Nilipoiona mara ya kwanza nilisikia vibaya. Mambo ya mtu yanatangazwa kama bei ya samaki wa mukeke, nilimwambia Zaituni, mbona hamuoni haya? Akaniuliza kama kule chuoni barua zinakuja zikiwa zimejifunika kanga.

Chakula nilikula kwa Mama Sikudhani, mchana na jioni. Ubugali wa muhogo, maharage yenye mawese mengi, mboga za lengalenga, na mukeke wa kuchoma siku ambazo ziwa lilikuwa limekubali. Meza ilikuwa moja ndefu, kwa hiyo kila neno lilikuwa la wote. Ndipo nilipojua kwamba Zaituni ameomba nafasi chuoni. Alikuwa ameandika mwenyewe, bila kumwomba mtu yeyote mkono, na sasa anasubiri. Wanaokubaliwa waliandikiwa barua yenye kadi ndani. Kadi ilitakiwa kutiwa saini na kurudi Bujumbura kabla masomo hayajafunguliwa, na isiporudi nafasi inapewa anayefuata. Hayo yote yalijulikana meza nzima. Dereva wa kamyo la ndagala, lile lililobeba pia mfuko wetu wa barua, alikuwa akimtania kwamba chuo bado kinajiuliza kama kuna darasa linaloweza kuvumilia harufu ya samaki. "Likitafutwa linaloweza kuvumilia harufu ya kamyo, watakuita wewe," Zaituni akamjibu, akaenda kumuongezea maharage.

Wiki chache baada ya sikukuu ya uhuru akaja Bwana Gaspari. Alikuwa shefu mpya wa kurie ya chuo kizima, Mrundi wa kwanza kukalia kiti kile, kijana bado, aliyerudi Ubelgiji na koti la kijivu ambalo hakulivua hata kwenye joto la ziwa. Alishusha kutoka kwenye kamyo visanduku vya bati vilivyopakwa rangi ya kijani, vingi sana, na makasha ya kadi zilizopigwa taipu. Mpango wake ulikuwa rahisi. Kila mtu sanduku lake, kila sanduku jina lake, na hakuna tena mkono wa mtu. Alisema hayo akiwa amesimama mbele ya rafu ya Mbelgiji, akiigonga kwa kidole. Na mimi, ambaye sikushangilia bendera ilipopanda kwa sababu nilitaka kwanza kujua nani ameshika kamba, nilishangilia visanduku vile. Nilidhani nimeuona uhuru kwa macho: ni barua kuja kwa jina langu mwenyewe. Sijabadilisha mawazo hayo hadi leo.

Tulifanya kazi ile kama watu wanaomhamisha mgonjwa. Kwa muda rafu zote mbili zilikaa chumbani, ya zamani kushoto, visanduku kulia. Kila barua iliyoingia niliisoma upande wa kushoto, nikatafuta kadi yake, nikaiweka kulia. Niliwaandikia watu wa Bujumbura waache kuandika kwa mkono wa fulani. Nilijiandikia barua mwenyewe, nikawapa waendesha baiskeli wazitume kutoka Minago na Nyanza-Lac, ili nione zinapita wapi na zinachelewa wapi. Moja ilirudi kwangu imelowa mawese mpaka maandishi yanaonekana upande wa pili, lakini ilirudi, na ilikuwa kwenye sanduku langu. Siku tuliyofunga upande wa kushoto, Bwana Gaspari aliniandikia kunishukuru, nami nikampa Mama Sikudhani mbao za rafu ile, akatengenezea benchi. Watu wa Rumonge wakawa wanakalia mikono ya mapadri na wenye maduka wakinywa chai, jambo lililonifurahisha kuliko nilivyoonyesha.

Kwenye barua ile ile Bwana Gaspari alikataza kuita. Alisema chuo cha nchi huru hakinadi barua sokoni, na mimi nilikubaliana naye. Mama Sikudhani alipoambiwa alifuta mikono kwenye kanga yake. "Basi watu wa biro mutatuletea mpaka kitandani," akasema. "Sauti yangu nitaiweka, haiozi."

Miezi ikapita, na ilikuwa miezi mizuri. Barua zilitembea, zikitoka Bujumbura zimeshafungwa mafungu kwa jina la sanduku, nami nikiingiza fungu bila kusoma bahasha, na asiye na sanduku nikidhani chuo bado hakijamwandikia. Mwalimu wa Minago alipata vitabu vyake bila kwenda kumsalimia mtu. Kijana wa Muhuta alikuja kwa miguu kuona tu kisanduku chenye jina lake, akakifungua, hakikuwa na kitu, akakifunga akitabasamu. Majibu ya waombaji wa nafasi yakaanza kuja, na msichana wa Minago aliyesoma darasa moja na Zaituni akapata lake. Wa pili, wa tatu wakapata. Zaituni alikuwa akipita dirishani kwangu kila kamyo likifika, akiniuliza kwa nyusi tu, nami nikimjibu kwa kichwa. Kisha akaacha kupita. Mezani dereva naye akaacha utani, na hilo lilikuwa baya zaidi. Siku moja nikamsikia Mama Sikudhani jikoni akimwambia kwamba hata ushonaji ni kazi, na Zaituni akamjibu kwamba anajua, Mama, anajua, huku akikuna nazi kwa nguvu iliyozidi haja.

Wiki ya mwisho kabla ya masomo kufunguliwa, Bwana Gaspari akaja tena, siku ya Alhamisi, kusherehekea. Tulikula kituoni, mukeke mkubwa na vitoweo vyote, na alisimama na glasi mkononi akasema kwamba katika pwani nzima, tangu tuhame, hakuna barua hata moja iliyorudi wala iliyobaki bila mwenyewe. Hakuna hata kosa moja. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi niliurudisha mukeke kwenye sahani. Sikuwa na ushahidi wowote, nilikuwa na ugonjwa wangu wa kuhoji tu. Nilikuwa nimeishi Rumonge muda wa kutosha kujua kwamba watu wa hapa leo wako hapa, kesho wamewafuata ndagala Kabonga, keshokutwa wamevuka kwa harusi Kigoma. Enzi ya Mbelgiji, na ubaya wake wote, kila Ijumaa zilibaki barua za kuita. Sasa mbona hazibaki? Makosa hayafi kwa sababu tumenunua bati. Yakikosekana mezani, yameingia chini ya kitanda.

Niliwaacha wakila, nikarudi chumbani kwangu. Nilikuwa nimezoea kutafuta kilichopungua. Safari hii nilitafuta kilichozidi. Nikapitia visanduku na daftari la kutuma, sanduku kwa sanduku, na sikuchukua muda mrefu. Sanduku lililonona kuliko yote, kushinda hata la direkta wa kituo, lilikuwa la Ramazani, mvuvi wa Kabonga aliyetuletea samaki wa uchunguzi. Barua zake tulikuwa tunamtumia pamoja na mitungi mitupu. Mtu asiyejua kusoma alikuwa anaandikiwa na chuo kikuu kuliko direkta wake.

Nikazishika zile zilizokuwa bado humo, nikasoma juu yake, nikakaa chini. Moja ilikuwa ya Hamisi Ramazani. Nyingine Mwamini Ramazani. Nyingine Yusufu Ramazani. Kadi zilipigwa taipu Bujumbura na makarani waliotoka milimani, na milimani kwetu Burundi jina la mwisho ni la mtu mwenyewe, alilopewa yeye peke yake, halitoki kwa baba wala halimfuati ndugu. Kwao Ramazani wawili hawawezekani. Ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, na lile jina la mbele ni kama la ubatizo, mtu anaweza kulibadilisha akitaka. Lakini Waislamu wa mtaa wa Waswahili hapa, ambao babu zao walitoka Kongo na ng'ambo ya ziwa, huandika jina lao kisha la baba. Ramazani katika Rumonge ni baba wa nusu ya mtaa. Makarani waliwaona wote, wakawahurumia kwa kujirudia, wakawafanya mtu mmoja. Na yule wa Kabonga, kwa kuwa alikuwa wa kwanza kwenye kasha, ndiye akapewa barua za wote. Hakuna iliyorudi, kwa sababu zote zilikuwa zimefika. Jina la msichana aliyeacha kupita dirishani kwangu lilikuwa Zaituni binti Ramazani, na barua yake haikuwa humo. Ilishakwenda Kabonga na mitungi.

Kamyo la mwisho kabla ya masomo lingeondoka Jumamosi mchana. Nilimfuata Bwana Gaspari, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Akasema tutaandika Bujumbura, kadi zipigwe upya. Nikasema mpaka zipigwe upya, nafasi yake itakuwa ya mtu mwingine, na kwamba Ijumaa hii lazima tuite. Akaweka kisu chini. "Ukiita barua sokoni kesho," akasema polepole, "Jumamosi unapanda kamyo pamoja na nguo zako, na chuoni nitawaeleza kwa nini." Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kumaliza masomo. Nikamwambia amahoro, yaani amani, kama tunavyoagana kwa Kirundi, nikatoka.

Ijumaa hiyo Mama Sikudhani alipanda juu ya benchi lake, lile lililotoka kwenye rafu. Nilimpa Zaituni zile barua bila kumwambia kitu zaidi ya kwamba azisome vizuri. Alisoma ya kwanza sikioni mwa Mama, akasita, akanitazama. Sauti ikapanda juu ya maji, ikianza na jina la sanduku peke yake: Ramazani. Wakajibu sita kwa mara moja, wanaume kwa wanawake, na mwalo mzima ukaanguka kicheko. Mama Sikudhani akawauliza wangapi wamebaki nyumbani. Nilikuwa na kalamu, nikamwuliza kila mmoja wa nani, anaitwa nani na nani, nyumbani na kazini, na kila mmoja akishasema umati ulisema Ndiye, nikaandika majina yake yote kama yalivyotoka. Yusufu Ramazani, fundi baiskeli, Baba Kulwa. Mwamini Ramazani, wa kwa Bitama, muuza mawese. Katikati ya hayo nikaliona koti la kijivu likipenya kwenye watu. Bwana Gaspari alikuja kunizuia. Alifika mbele, akawaona Ramazani sita wamesimama mstari, mmoja wao bibi kizee asiye na jino akimnyooshea mkono wa salamu. Akasimama. Naona midomo yake ilikuwa inahesabu. Kisha akamwuliza bibi yule, kwa Kirundi na kwa adabu, kama hawa wote ni ndugu.

"Ndugu wa nini?" bibi akamjibu. "Huyu hata simupendi."

Bwana Gaspari akacheka mpaka akashika paji la uso. Alipomaliza alivua koti, mara ya kwanza mbele yangu, akanitaka nimgawie kalamu.

Barua zilipokwisha, hakukuwa na ya Zaituni, na wakati huo alishaelewa. Hakuuliza. Mama Sikudhani ndiye aliyeuliza, naye aliuliza kwa sauti yake yote, akiuelekea mwalo na waendesha baiskeli waliokuwa wanafunga madumu ya mawese kwenda kusini: Ramazani wa Kabonga alete barua, zote, kabla ya kamyo. Wale wakaondoka na neno hilo, na kila mwalo waliopita wakaliacha hapo, na waliolipokea wakalisukuma mbele. Nimefanya kazi na simu, na teleksi, na hizi kompyuta, na bado sijaona ujumbe uliokwenda kwa uzuri kama ule.

Jumamosi kamyo lilipakiwa ndagala, mfuko wa barua ukafungwa, dereva akawasha injini. Ramazani hakuwa ameonekana. Zaituni alikuwa mkahawani akiosha sahani ambazo zilikuwa safi. Dereva akapiga honi, akasema kwa huzuni kwamba samaki hawasubiri. Hapo Bwana Gaspari akatoka kituoni na koti lake, akaenda kusimama mbele ya kamyo, katikati ya barabara, mikono nyuma. Dereva akamwambia bwana mkubwa, ninaondoka. Bwana Gaspari akamwambia aondoke basi, apite juu yake, naye ataandika barua ya malalamiko. Watu wakakusanyika. Mtu akaleta kiti, shefu wa kurie ya chuo kikuu akakikalia pale pale barabarani. Alikuwa bado amekaa Ramazani wa Kabonga alipotokea kwa baiskeli, mrefu, vumbi mpaka kwenye kope, kapu la mitungi nyuma na kitambaa kimefungwa kifuani.

Alifungua kitambaa mbele yetu. Barua zote zilikuwa humo, hazikufunguliwa hata moja, zimepangwa kwa ukubwa. Nikamwuliza, na leo najua niliuliza kwa ukali usiomstahili, mbona hakuzirudisha. "Barua ikikuja kwako haufukuzi, ni mugeni," akasema. "Na mimi sijaandikiwa na mutu tangu nizaliwe, nikajua si zangu. Nikasema nitazileta Ijumaa waite. Wakaniambia Ijumaa hawaiti tena." Bwana Gaspari aliinamisha kichwa. Ramazani akamgeukia, akidhani amemkosea, akamwambia kwa heshima kwamba zote ziko kavu, hata moja haikulowa.

Nilizipata mikononi na nikaiona yake mara moja, ya tatu kutoka juu, yenye muhuri wa chuo. Zaituni alikuwa ametoka mkahawani, amesimama hatua chache kutoka kwangu, mikono bado ina povu. Ningeweza kumpa tu. Lakini Mama Sikudhani alishapanda benchi. Akaniinamia nimsomee, na mimi, niliyeona haya jambo lile, nikamsomea sikioni. Akaliita mara tatu, lote, binti na kila kitu.

"Niko," Zaituni akasema, kwa sauti ambayo haikusikika vizuri. Akarudia. Akasema yeye ni wa nani na anakaa wapi, ingawa kila aliyekuwepo alikuwa amekula mkononi mwake. Na mwalo mzima, madereva, Ramazani sita, yule wa saba wa Kabonga, na Bwana Gaspari aliyesimama kutoka kwenye kiti chake, wakasema Ndiye.

Alitia saini kadi juu ya bodi ya kamyo, akiwa na kalamu ya shefu. Mfuko ukafunguliwa, kadi ikaingia, ukafungwa. Dereva alipiga honi kutoka pale mpaka kilimani, na wiki iliyofuata akambeba Zaituni mwenyewe, kiti cha mbele, bila kumruhusu mtu yeyote kutaja samaki. Mimi sikupandishwa kamyo. Bwana Gaspari alinibakiza mpaka mwisho wa mwaka, tukabandika kwenye kila sanduku majina yote ya mwenyewe, na Ijumaa tukaendelea kuita, naye Bujumbura akawaagiza makarani wasimuunganishe mtu na mtu kabla hawajaona nyuso zao. Nilijifunza kuhoji ushindi kabla ya kuhoji kushindwa, na nilijifunza kwamba umati unaweza kuwa na akili. Miaka kumi baadaye, mwaka wa sabini na mbili, ule wa mauaji, nilivifungua visanduku vile nikakuta barua ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, wala hapakuwa na mtu mwaloni wa kusema Ndiye. Zaituni alikuwa ng'ambo ya ziwa. Mwaka huo una mahali pake, si hapa. Nautaja ili mjue kwa nini nazipenda sauti za Ijumaa ile.

Aisha alikuwa amesikiliza yote, ndagala amewasahau. Aliniuliza, basi atafute nini. Nikamwambia atafute sanduku lililonona. Akavuta mashine, akaandika, akasubiri, akaandika tena. Jua lilikuwa limeshuka usawa wa maji na ubaridi wa jioni umeanza kuingia barazani. Kisha akasema, kwa sauti ya mtoto aliyekuta nyoka kwenye kiatu, kwamba kuna fundi wa maabara, kijana mpya, anaitwa Ramazani. Akampigia simu. Tulimsikia kijana akijibu kwamba ndiyo, anapata barua nyingi sana, hazimhusu, hakutaka kuzifungua kwa kuwa si adabu, na hakujua amwambie nani.

Zaituni aligonga sakafu kwa fimbo. "Yaite majina," akamwambia mjukuu wake.

Aisha akaanza kuyasoma kutoka kwenye mashine, kwa sauti ndogo kwanza, kisha kubwa zaidi kwa sababu bibi yake alikuwa anamtazama. Hamadi Ramazani. Neema Ramazani. Issa Ramazani. Nilikuwa nahesabu kwa midomo kama Bwana Gaspari. Kisha akamwinulia bibi yake macho, akasoma lililofuata, lililoandikiwa mwaliko wa wanafunzi wa kwanza wa chuo.

"Zaituni Ramazani."

"Niko," Zaituni akasema, akajiweka sawa kwenye kiti.

Umati nilikuwa mimi peke yangu. Nikasema, "Ndiye."